Waziri na Pafu la Mbuzi

Juzi nilikuwa nimeketi mlangoni pangu hapa Makongeni nikichambua kunde, nikawasikia ninyi vijana mkibishana pale kwa kinyozi. Redio ilikuwa imetoka kusoma orodha ya mawaziri wapya. Mmoja wenu akasema, "Waziri wa afya asipokuwa daktari, hiyo ni mchezo tu." Mwingine akamrukia, "Buda, waziri ni siasa. Kazi inafanywa na wale wa chini." Mkaniona nawatazama, mkaniita, "Shosho, si wewe ulikuwa kwa maofisi? Tuambie nani ana haki." Niliwaambia nitawajibu kunde zikiiva. Kunde ziliiva, zikaliwa, na jibu bado nalitafuta. Lakini naweza kuwasimulia nilichokiona, kisha mbishane vizuri zaidi.

Nilikuwa katibu muhtasi wa waziri. Wizara siitaji, na mawaziri siwataji majina, maana nilikula kiapo na kiapo hakistaafu. Nitasema tu kwamba ilishughulika na mifugo, na kwamba katika miaka ya tisini nilihudumia mawaziri wawili waliofuatana. Wa kwanza alikuwa daktari wa mifugo, tena msomi wa kweli. Tukiwa peke yetu tulimwita Daktari. Wa pili alikuwa amefundisha maisha yake yote na kuwa mwalimu mkuu kabla ya kuingia siasa. Huyo tulimwita Mwalimu.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Bi. Kadzo, mama wa Pwani aliyekuwa katika ofisi ile tangu mimi niko shuleni. Yeye ndiye aliyeninoa kwenye hati mkato, yale maandishi ya mikwaju na vinukta tuliyotumia ili mkono ulingane na mdomo wa msemaji. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, andika alichosema mtu, usiandike alichotaka kusema. Ukianza kuwasaidia wakubwa kusema, utakuwa waziri bila mshahara wa waziri." Alinifundisha pia kusikiliza kimya. Mkutano wenye kimya kingi, alisema, si mkutano wa watu waliokubaliana. Ni wa watu wanaoogopa. Hilo sikulielewa mpaka nilipofanya kazi na Daktari.

Msidhani nilikuwa hodari tangu mwanzo. Siku moja nilipiga chapa ratiba ya ziara ya kuchanja mifugo, na pale palipotakiwa kuandikwa "Mheshimiwa Waziri atachanja mbuzi wa kwanza," kidole changu kikaongeza herufi moja. Ratiba ikatoka ikisema Mheshimiwa Waziri atachanjwa. Ilisambazwa kwa machifu wote wa eneo lile. Daktari alipoiona alicheka hadi akatoa miwani. "Mama Nekesa," akaniuliza, "nikavae suruali ya kushuka au mtanichanja mkononi?" Siku hiyo nilimpenda yule mtu.

Na alikuwa anajua kazi. Hili nataka mlisikie vizuri kabla hamjasikia mengine.

Kulizuka uvumi kwamba mbuzi mmoja alikuwa amekufa kwa kimeta ndani ya lori lililokuwa likishusha mifugo kwenye soko la mbuzi la Kiamaiko. Kimeta si ugonjwa wa mchezo. Unaua mnyama, unaua na mla nyama. Maofisa wakaandaa amri ya kufunga soko lote siku hiyo hiyo. Daktari akasema, "Kabla sijatia sahihi, nataka kumwona huyo mbuzi." Tukaenda, mimi na kalamu yangu nyuma yake nikirukaruka matope kwa viatu vya ofisini.

Wafanyabiashara walikuwa wamejaa, wamenuna. Msemaji wao alikuwa Hajji Guyo, mzee mrefu aliyeleta mbuzi kutoka kaskazini kwa miaka mingi. Daktari alimsalimia, akavaa glavu, akachuchumaa kando ya mzoga na suti yake. Hakumpasua. Akamtazama pua, akaikunja miguu, akabonyeza taya.

"Amekakamaa," akasema. "Mwenye kimeta kwa kawaida hakakamai hivi. Na hii damu ya puani imeganda. Ya kimeta huwa nyepesi, haigandi. Taya limevunjika. Huyu alianguka, wenzake wakamkanyaga." Kisha akamgeukia ofisa wa maabara. "Hata hivyo, mimi si darubini. Chukua damu kidogo sikioni ukapime. Msimpasue mpaka nipate jibu."

Jibu likaja: hakuna kimeta. Soko halikufungwa. Fikirieni ni watu wangapi wanaokula kwa soko lile: wachinjaji, wabebaji, wauza ngozi, akina mama wanaochukua vichwa na matumbo na kwenda kupikia supu Majengo. Wote waliponea kwa mtu mmoja aliyejua mzoga unavyosema. Siku ile mngeniuliza swali lenu, ningejibu bila kuvuta pumzi: waziri lazima ajue kazi.

Basi sasa nisikilizeni.

Mume wangu, Baba Nekesa, alikuwa mtu wa reli na alikuwa anakaribia kustaafu. Tulikuwa na kiploti Njiru, wakati huo Njiru bado ni nyasi na mawe meusi na nyumba moja hapa nyingine kule. Ndoto yake ilikuwa kufuga mbuzi. Akanunua kadhaa pale Kiamaiko, majike na beberu mmoja mwekundu aliyemwita Kamishna kwa jinsi alivyotembea akijiona. Akawajengea banda. Kila Jumamosi alikuwa huko, akirudi jioni ananuka mbuzi na kuniambia habari zao kama watoto waliokuja likizo.

Muda si mrefu wakaanza kukohoa.

Wiki ileile kulikuwa na mkutano wa wakuu wa idara. Mwishoni akasimama daktari kijana, Dakta Mueni, msichana mwembamba aliyekuwa amehamishiwa makao makuu karibuni. Akasema taarifa kutoka njia za kusafirishia mifugo zinaonyesha mbuzi wengi wanakohoa, wananyoosha shingo wakitafuta hewa, kisha wanakufa. "Nashuku homa ya mapafu ya mbuzi, Mheshimiwa. Ile ya kuambukiza. Naomba tuzuie usafirishaji mpaka tuhakikishe."

Daktari hata hakungoja amalize. "Dakta, msimu huu kila mwaka mbuzi hukohoa. Ni vumbi na minyoo. Shahada yangu ya uzamifu niliandika juu ya mapafu ya mbuzi. Ukisikia kwato, usikimbilie kusema ni punda milia; huenda ni punda tu. Tuendelee."

Tukaendelea. Na hapo nikakisikia kile kimya cha Bi. Kadzo. Chumba kizima kilikuwa cha madaktari wa mifugo, watu wazima wenye mvi, na kila mmoja alikuwa anatazama meza. Nani atabishana juu ya mapafu ya mbuzi na mtu aliyeandika kitabu cha mapafu ya mbuzi? Mimi niliandika maneno yote mawili, ya Mueni na ya Daktari, huku nikiwaza banda letu la Njiru.

Baada ya mkutano nilimkuta Dakta Mueni kwenye korido akifunga faili zake kwa hasira. Nikamwambia, "Dakta, samahani. Mbuzi wa mume wangu wanakohoa. Mmoja hali tangu jana."

Akanitazama. "Mlinunua wapi?"

"Kiamaiko."

"Akifa, msimtupe. Nipigie simu."

Alikufa Kamishna. Dakta Mueni alikuja Njiru Jumamosi asubuhi na kisu chake na ndoo yenye barafu. Baba Nekesa alimshikilia beberu wake miguu, uso umekunjamana. Alipopasuliwa kifuani yakamwagika maji ya manjano, mengi, na pafu la upande mmoja lilikuwa limevimba gumu kama ini, limenata kwenye mbavu hadi likabanduliwa kwa vidole. Pafu la pili lilikuwa zima, laini, la waridi.

"Hii si minyoo," Mueni akasema polepole.

Baba Nekesa akaninyanyulia macho. "Waziri wenu si daktari wa hawa hawa?"

"Ni daktari."

"Na hakujua?"

Mueni ndiye aliyejibu, huku akiliweka pafu kwenye ndoo. "Baba, akiliona hili atajua kwa sekunde moja. Shida ni kulifikisha mbele yake. Nikiomba nafasi ya kumwona nitaambiwa mwezi ujao."

Sasa vijana, mlango wa waziri una ufunguo, na ufunguo huo ni katibu muhtasi. Jumatatu nilimngoja Daktari amalize wageni wake, nikaingia. "Mheshimiwa, kuna mtu hapa nje ana pafu."

"Ana nini?"

"Pafu. La mbuzi. Liko kwenye ndoo."

Mkutano wa pembeni, ripoti, maombi, hayo angeyakataa. Lakini nilikuwa nimemtazama mtu yule pale Kiamaiko, nikaona alivyokuwa na furaha amechuchumaa. Aliinuka kitini kabla sijamaliza. Tukatandaza gazeti juu ya meza yake kubwa ya mninga, na Mueni akaliweka.

Daktari alilitazama kwa muda mrefu. Akaligeuza. Akabonyeza pale lilipokuwa gumu. "Upande mmoja tu?"

"Upande mmoja, Mheshimiwa. Na maji ya manjano, na lilikuwa limenata mbavuni."

Akavua miwani. Akaketi. Nilidhani atafoka. "Kwa nini hukuniambia?"

Mueni akamtazama usoni. "Nilikwambia, Mheshimiwa. Mkutanoni."

Daktari akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye shahidi. Nami nilikuwa shahidi. Nikaitikia kwa kichwa.

"Ni miaka mingi sijashika pafu," akasema, si kwa mmoja wetu hasa. "Mimi nimekuwa nikitibu mbuzi wa zamani." Kisha akanawa mikono na kuniagiza nichape amri ya kusimamisha usafirishaji wa mbuzi.

Hebu tazameni vile jambo hili lina pande. Elimu yake ndiyo iliyowanyamazisha wale wengine. Na elimu hiyohiyo ndiyo iliyomwezesha kusoma lile pafu na kukubali papo hapo, pale ambapo mtu mwingine angeona nyama tu na kuamrisha iondolewe mezani. Nimeligeuza jambo hilo miaka yote hii kama yeye alivyoligeuza lile pafu.

Niliichapa, na maofisa walikuwa bado wanaipitia ile amri wakati taarifa ya habari ya saa saba mchana ilipotangaza mabadiliko ya baraza la mawaziri. Ninyi hamkuona zama zile. Waziri alikuwa anajua kazi yake imeisha kwa redio, sawa na mpishi wake. Daktari alisikiliza akiwa na kipande cha chapati mkononi. Akakimaliza, akatuaga mmoja mmoja, akaondoka.

Mwalimu akaja, mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea hadi dawati la nyuma. Mkutano wake wa kwanza aliuliza, "Nisaidieni. Mbuzi hucheua kwa nini?" Mkurugenzi mmoja, bwana mwenye ulimi laini na tai ghali, akaficha tabasamu kwenye leso. Nikasema moyoni, tumekwisha.

Akaletewa ile amri atie sahihi. Wakati huo ilikuwa imenenepa mikononi mwa maofisa: usafirishaji usimame, na kichinjio cha Kiamaiko na soko lake vifungwe pia. Akaisoma, akamwita Dakta Mueni.

"Huu ugonjwa unamdhuru mtu akila nyama?"

"Hapana, Mheshimiwa. Haumpati binadamu."

"Basi kwa nini tunafunga kichinjio?"

Mueni akafikiri. "Kwa kweli, mbuzi anayechinjwa haambukizi mwingine. Hatari ni yule anayenunuliwa pale akapelekwa kufugwa."

"Kwa hiyo tukizuia wale wa kufuga, na hawa wa kuchinja wakaja moja kwa moja?"

"Inawezekana. Tukisimamia vizuri."

Vijana, kulikuwa na shahada nyingi mle ndani, na hakuna aliyekuwa ameliuliza swali lile. Labda kwa sababu kila mmoja aliona ni swali la mtoto. Mwalimu hakuwa na aibu ya kuuliza. Alikuwa amewauliza watu maswali maisha yake yote.

Amri ikapunguzwa hivyo, naye akaenda mwenyewe kuwaeleza wafanyabiashara, katika ukumbi mdogo karibu na soko. Hajji Guyo akasimama. "Mheshimiwa, yule aliyekutangulia alimshika mbuzi kwa mkono. Wewe nimekuona ukiruka kinyesi."

Ukumbi ukacheka. Mwalimu naye akacheka. "Kweli, mzee wangu. Mbuzi simjui. Ndiyo maana nimekuja na anayemjua." Akamsimamisha Mueni, akamwambia aeleze, na kila Mueni alipotumia neno gumu, Mwalimu alimkatiza: "Lirudie hilo kwa lugha ya hapa." Waliuliza, wakajibiwa, wakakubali. Baba Nekesa alikuwa amekaa nyuma na kofia yake ya reli mapajani. Njiani alisema tu, "Huyu anaongea na watu."

Lakini msimpigie makofi bado. Wiki chache baadaye yule mkurugenzi wa tai alimwambia Mwalimu kwamba chanjo ya ugonjwa ule imefika wilayani kule kaskazini, iko tayari. Mueni alikuwa safarini. Mwalimu akaamini, akatangaza hadharani. Hajji Guyo na wenzake wakatuma habari kwa ndugu zao kule kaskazini wakusanye mifugo. Watu wakaswaga mbuzi mwendo mrefu juani, wenye afya na wagonjwa pamoja, wakafika na kukuta friji tupu. Chanjo ilikuwa imefika kweli, lakini ilikuwa imeharibika kwa joto ikatupwa, na mkurugenzi alikuwa anajua. Mbuzi waliambukizana palepale walipokuwa wakingoja. Ndugu yake Hajji alipoteza karibu zizi zima.

Hajji alikuja ofisini mwenyewe. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya meza ileile na kusema, "Yule wa kwanza wangemdanganya?" Akatoka.

Mwalimu akanigeukia, akaniuliza, "Mama, wangemdanganya?"

Nikalikumbuka onyo la Bi. Kadzo la kuandika tu, lakini safari hii nilikuwa nimeulizwa. "Hapana, Mheshimiwa. Daktari angeuliza chanjo ilisafirishwa kwa chombo gani na kwa baridi ya kiasi gani. Wewe hukujua kwamba kuna swali hapo."

Aliinama kama mtu niliyemchapa. Kesho yake akamwita Dakta Mueni na kumwambia, "Kuanzia leo mimi ni mwanafunzi wako. Saa ya chakula cha mchana, kila unapokuwa mjini." Na ikawa hivyo. Mwalimu mkuu mzima, sandwichi mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, akijifunza chanjo, kupe, njia za mifugo, matumbo ya mbuzi. Mueni alikuwa mkali. Mwalimu akikosea anarudishwa nyuma. Mimi nilikuwa namhoji kwenye ngazi lifti ilipokwama, naye anahema na kujibu. Alikuwa na akili nzuri, na kadiri alivyojua ndivyo alivyozidi kuuliza. Niliwahi kuogopa kwamba akishajua ataacha kuuliza kama Daktari na kuwanyamazisha wengine. Hakufika hapo. Labda hakupewa muda wa kufika.

Maana ilifika siku mkurugenzi wa tai alisimama tena mkutanoni na kusema chanjo mpya iko njiani na kila kitu ni shwari. Mwalimu akamsikiliza kwa upole. "Imesafirishwa na barafu au na friji ya gari?"

"Friji, Mheshimiwa."

"Na ikifika, stoo ya pale ina umeme?"

"Upo."

"Jana nimeongea na stoo. Jenereta haina mafuta tangu mwezi uliopita. Sasa tuanze upya, na safari hii nieleze unavyojua, si unavyotaka nijue."

Nilikuwa naandika lakini nilinyanyua macho, kwa sababu kimya kilichofuata kilikuwa cha aina nyingine. Wale wenye mvi walikuwa wanamtazama yeye, si meza. Mmoja akanyoosha mkono kutaka kusema. Kisha wa pili. Mkutano ule ulichukua mchana wote, na chanjo iliyokwenda kaskazini baada ya hapo ilifika ikiwa baridi. Hajji Guyo alipiga simu ofisini, akataka nimwambie Mheshimiwa neno moja: imefika.

Sikuwahi kumfikishia akiwa kitini. Saa saba ya siku hiyo redio ikasoma mabadiliko mengine. Mwalimu alikuwa amepelekwa wizara ya barabara. Aliposikia ujumbe wa Hajji alikuwa tayari amevaa koti, mkoba uko kwapani. Akaukalia ukingo wa meza kidogo, akauliza, "Ilikuwa baridi?" Nikamwambia ilikuwa baridi. Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akashuka ngazi.

Waziri mpya aliripoti Jumatatu. Alikuwa wakili, nadhifu, mwenye haraka. Alizunguka meza, akajaribu kiti, akatutazama mimi na Dakta Mueni tuliosimama mlangoni. "Haya, akina mama," akasema, "mimi nimezaliwa na kukulia mjini. Hapa mnafanya nini hasa?"

Mueni alinitazama. Nikaona mabega yake yakishuka, kisha yakapanda tena. Akavuta kiti bila kukaribishwa, akaketi.

"Mheshimiwa," akamwambia, "umeshakula cha mchana?"